Habari Niliyoipeleka Uppsala

Tangu nirudi, kila mtu hapa mtaani Muraqqabat, Dubai, ananiuliza swali lilelile: Uswidi kukoje? Prossy, tunayekaa naye chumba kimoja, ameniuliza nikisonga ugali. Bi Zuwena wa ghorofa ya chini ameniuliza kwenye ngazi. Wenzangu wa usafi hotelini wameniuliza ndani ya basi la kampuni mpaka tukafika Marina. Nimekuwa nikijibu, "Baridi tu," kisha nageuza mazungumzo, kwa sababu jibu lenyewe haliwezi kusemwa mtu amesimama. Leo ni Ijumaa, sina zamu, na nimekaa kuandika yote. Mtasoma kwa kupokezana.

Mnajua kwamba kabla ya Pasaka nilikwenda Bungoma kumzika baba yangu. Mliniona nikirudi na kichwa kilichonyolewa, mkanipikia, mkalia nami. Jambo ambalo wengi wenu hamkulijua ni kwamba Simiyu, mdogo wangu, mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba yetu, hakuwepo mazishini na hakuwa ameambiwa. Alikuwa Uppsala akikaribia kumaliza shahada ya uzamivu. Kila alipopiga simu aliambiwa Mzee amelala, Mzee ameenda sokoni, Mzee koo limemkauka. Baba Mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeamua. Alisema ni maneno ya marehemu mwenyewe: mtoto aachwe amalize kwanza.

Kutoka Muraqqabat

Baba Mkubwa alinipigia siku chache baada ya mimi kurejea kazini.

"Rodah," alisema, "wewe uko karibu na huko Ulaya. Utaenda ukae naye. Akishamaliza mtihani wake, siku hiyohiyo, umwambie. Habari kama hii haipigwi simu kwa mtu aliye peke yake."

Nilimwambia kwamba kutoka Dubai hadi Uswidi ni mbali kuliko kutoka Dubai hadi kwetu. Akasema, "Basi, lakini ninyi wa ng'ambo mnajuana." Nilikuwa na likizo yangu ya mwaka, na madam wetu wa hotelini aliniruhusu.

Bi Zuwena alinipa koti zito ambalo mwanawe alilileta kutoka London, na Prossy akanitafutia kofia ya sufu huko Deira, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anayehitaji kofia ya sufu. Niliivaa mbele ya kioo. Ilifunika kichwa chote mpaka masikioni. Nywele zangu zilikuwa zimeota kidogo tu, kama za mtoto mchanga, na Simiyu ni mtoto wa Bungoma. Angeziona, angejua nimezika.

"Sasa utaivua lini?" Prossy aliuliza.

"Akishamaliza mtihani."

"Hata kulala?"

"Hata kulala."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaniwekea chapati kwenye mfuko.

Frankfurt, kwenye ukungu

Ndege ya kwanza haikuwa na shida. Ya pili haikuondoka. Nje ya vioo kulikuwa na ukungu mzito, na ubao ulikuwa ukibadilisha saa ya kuondoka kila nilipoukaribia. Watu walilala juu ya mabegi. Karibu nami alikaa mama mmoja wa Kisomali mwenye baibui ya kahawia, na nilipotoa chapati za Prossy akacheka peke yake.

"Hizo ni za Waganda," alisema kwa Kiswahili cha Mombasa. "Nene hivyo."

Jina lake Hawa. Alizaliwa Kismayu, akakulia Mombasa, na sasa alikuwa na miaka mingi Uswidi. Tulikula chapati zangu na sambusa zake mpaka zikaisha. Alinifundisha mambo ya kule. Viatu vinavuliwa mlangoni. Kwenye basi usikae karibu na mtu kama kuna kiti kingine kitupu. "Na wakikunyamazia, usidhani wamekuchukia. Wanakupa nafasi."

Nilimwambia kwa nini naenda. Mgeni wa uwanja wa ndege ni rahisi kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vidole vyake.

"Mimi pia nilifichwa," alisema. "Ndugu yangu alikufa, nikaambiwa mwaka uliofuata. Walinihurumia, najua. Lakini mwaka ule wote nilikuwa nikimtumia salamu. Mpaka leo zile salamu zinaniuma kuliko kifo chenyewe."

Ukungu uliondoka, tukaitwa. Tulipofika uwanja wa ndege wa Arlanda alinionyesha basi la Uppsala, akanishika mkono kwa nguvu, akaenda zake.

Nyumba ya Birgitta

Simiyu alikuwa kituoni na baiskeli. Amekonda, amefuga nywele, amevaa miwani. Alinikumbatia mpaka koti likaniziba pumzi, na neno lake la kwanza baada ya kuniachilia lilikuwa: "Mzee anaendeleaje?"

"Umekonda, Simiyu," nilisema. "Hawakulishi?"

Alicheka. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Alipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Birgitta, mwalimu mstaafu, mrefu kama mlango. Nyumba yake ilikuwa na joto kuliko Dubai wakati umeme wa viyoyozi umekatika. Nilivua viatu, nikavua koti. Birgitta alinyoosha mkono apokee kofia pia.

"Nitabaki nayo," nilisema kwa Kiingereza.

Aliitazama ile kofia, akanitazama mimi, akaitikia kwa heshima kubwa. Kisha akaenda jikoni, nikasikia akiongea na Simiyu kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimesikia harufu ya nyama tangu mlangoni, lakini mezani nilipewa viazi, samaki wa kopo mwenye sukari, na mkate mkavu kama ubao.

"Birgitta anadhani wewe ni Mwislamu," Simiyu alininong'oneza. "Mipira ya nyama ina nguruwe kidogo, kwa hiyo ameificha."

"Mwambie mimi ni wa Kanisa la Marafiki."

"Basi vua kofia, ataamini."

"Nina mafua," nilisema, nikamega yule samaki. Wala si mbaya, ukimzoea.

Mjini

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya mtihani wake, na Simiyu alisema hawezi tena kusoma, kichwa kimejaa. Akaamua kunitembeza. Nitawaambia niliyoyaona, maana najua ndiyo mnayoyataka.

Mto unapita katikati ya mji, mwembamba, una kelele, na kila mtu yuko juu ya baiskeli, hata mabibi wazee na mapadri. Kanisa kuu ni la matofali mekundu na minara miwili inayoonekana kutoka kila mtaa, kwa hiyo huwezi kupotea. Ndani wamelala wafalme, kila mmoja sanamu yake juu ya jeneza la mawe, mikono imekunjwa. Juu ya kilima kuna ngome kubwa ya rangi ya waridi. Maktabani tulioneshwa Biblia iliyoandikwa kwa wino wa fedha juu ya ngozi ya zambarau, ya kale kuliko hata Uswidi yenyewe. Niliinama juu ya kioo nikamwombea baba, nikimwambia Simiyu kwamba nasoma.

Tulikunywa kahawa mara nyingi. Kule kahawa si kinywaji, ni kikao. Unakaa, unapewa mkate mtamu uliosokotwa wenye mdalasini na iliki. Nilipouma wa kwanza nilimkumbuka Bi Zuwena na mahamri yake, nikanyamaza, Simiyu akadhani sijaupenda.

Halafu akanipeleka kwenye jengo moja lenye kuba. Juu kabisa kuna chumba cha duara, ngazi za kusimamia zimepangana kwenda juu kama ndani ya faneli, na chini katikati kuna meza moja. Zamani, alinieleza, maiti waliwekwa pale, madaktari wakawapasua, na wanafunzi na watu wa mji wakasimama kutazama.

"Maiti wa nani?" niliuliza.

"Waliohukumiwa kunyongwa. Watu wasiokuwa na wa kuwazika."

Alisema bila kujua. Niliitazama ile meza nikaona mikono ya baba. Nilimwambia pale ndani hakuna hewa, nikashuka ngazi mbio, nikasimama nje nimeshika ukuta.

Jioni hiyo alinionyesha kitabu chake, yaani tasnifu yenyewe. Kule desturi yao ni kwamba kabla ya mtihani wa kutetea kitabu lazima ukipigilie msumari ukutani mahali pa wazi, ili kila mtu akione na ajiandae kukupinga. Nilikikuta kinaning'inia chuoni, kimetobolewa pembeni. Niliudhika kidogo, miaka yote ile, halafu msumari. Simiyu alikifungua ukurasa wa mwanzo. Kinahusu maji yaliyo chini ya ardhi na chemchemi zinazokauka, lakini mimi nilisoma mstari mmoja tu, wa Kiswahili, ulioandikwa peke yake katikati ya karatasi: *Kwa baba yangu, Mwalimu Wekesa, ambaye atakisoma na kunisahihisha.*

"Utampelekea nakala ukipita nyumbani?" aliuliza. "Au ningoje niende mwenyewe?"

"Ngoja uende mwenyewe," nilisema. Usiku huo niliyafikiria maneno ya Hawa kuliko ya Baba Mkubwa.

Vilima vya wafalme

Siku iliyofuata tulipanda basi kwenda Uppsala ya Kale, nje ya mji. Ndani ya basi hakuna aliyesema neno, kama Hawa alivyoniambia. Pale hakuna majengo mengi, kanisa dogo tu, na vilima vitatu vikubwa vya majani vilivyopangana. Si vilima vya Mungu. Vilijengwa na watu, juu ya majivu ya wafalme wao, kabla ya dini kuingia. Kuna njia ya kupita ukingoni, na Simiyu alikuwa mbele akinieleza jinsi walivyobeba udongo kwa vikapu.

Upepo ulitoka uwandani ghafla. Kabla sijainua mkono, kofia ilikuwa imeruka. Iliviringika kwenye majani, nikaikimbilia, ikanikwepa, nikaikanyaga kwa mguu kama mtu anayekamata kuku. Nilipoinuka nikiwa nimeishika, Simiyu alikuwa amesimama ananitazama kichwa. Alikuwa akicheka wakati kofia inaruka. Nilikiona kile kicheko kikiisha usoni mwake.

Upepo uliendelea kuvuma. Hakuja karibu.

"Nani, dada?"

Nilikuwa na uwongo. Nilikuwa nimeuandaa tangu Dubai: chawa, joto la jikoni, dawa ya nywele. Haukutoka.

"Baba," nilisema.

Alikaa kwenye majani palepale. Nikaenda nikakaa naye.

"Lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia ugonjwa, hospitali, mazishi, mvua iliyonyesha, watu waliojaa, wanafunzi wake wa zamani walioimba. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nyumba nyingine.

"Nani aliweka udongo wa kwanza?"

"Baba Mkubwa."

"Mahali pangu."

"Mahali pako."

"Na wewe umetembea nami siku zote hizi," alisema. "Umekula mikate."

"Baba Mkubwa alisema baba mwenyewe ndiye aliyetaka umalize kwanza."

"Wewe ulimsikia baba akisema?"

"Sikufika mapema. Nilimkuta ameshanyamaza."

Tulirudi kwa basi, na safari hii ukimya wa watu wale nilifurahi kuupata.

Wembe

Asubuhi yake sikumkuta chumbani. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya mtihani. Birgitta alisema ametoka bila baiskeli, bila kifungua kinywa. Kofia sikuivaa tena. Haikuwa na kazi. Birgitta aliniangalia kichwa, na kwa Kiingereza chake cha polepole akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamweleza. Alifungua friji, akanipashia ile mipira ya nyama, akakaa nami mpaka nikaimaliza. Hakusema pole, kwa sababu hawana neno hilo. Alisema mumewe alikufa mwezi wa pili, na kwamba ardhi ilikuwa imeganda ikabidi wangoje kumzika.

Nilitoka kumtafuta Simiyu. Nilipita kando ya mto, nikapanda mpaka ngomeni, nikazunguka bustani ya mimea ambako vitanda vya maua vilikuwa bado udongo mtupu wenye vibao vya majina. Mwishowe niliingia kanisa kuu, nikawasha mshumaa, nikakaa. Nilikuwa naogopa, nawaambieni kweli. Kama asingeingia ukumbini kesho yake, miaka yote ile ingepotea, na mkono uliomwangusha ungekuwa wangu.

Alirudi saa za alasiri, nikiwa nimesharudi nyumbani. Alikuwa ametembea mpaka vilimani na kurudi. Mkononi alikuwa na mfuko mdogo wa duka. Akatoa wembe na sabuni ya povu, akaviweka juu ya meza ya jikoni.

"Ninyoe," alisema.

"Kesho unasimama mbele ya watu."

"Ndiyo sababu. Ninyoe, dada."

Birgitta alitandaza magazeti sakafuni, akaleta maji ya moto na taulo. Kwa desturi kazi ile ina wenyewe, si mimi, na hufanyiwa nyumbani, si Uswidi. Lakini nilimnyoa. Nywele zilikuwa nyingi. Katikati ya kazi mabega yake yakaanza kutikisika, nikainua wembe, nikangoja, nikaendelea. Nilipomaliza, Birgitta akakunja magazeti na nywele ndani yake, akauliza zipelekwe wapi. Simiyu alimwambia zizikwe. Akachukua koleo, akatoka nazo bustanini bila kuuliza swali jingine.

Ukumbini

Ukumbi ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, na watu wamevaa vizuri. Profesa mmoja aliyeletwa kutoka nchi nyingine, mzee mwenye ndevu, ndiye mpinzani. Hilo ndilo jina la kazi yake. Alikaa mbele na kitabu kilichojaa vikaratasi, akauliza, na kuuliza, na kuuliza. Mimi niliona ni ugomvi. Mara mbili Birgitta alinigusa goti nitulie. Simiyu alijibu kwa sauti ya chini, kichwa kinang'aa chini ya taa. Mara moja alikatiza katikati ya jibu, akatazama dirishani, na ukumbi wote ukangoja. Nikasema moyoni, khalas, imekwisha. Kisha akaendelea pale alipoachia.

Wazee wa kamati ya mtihani walikwenda chumba kingine kuamua. Wenzake walimzunguka, na mmoja akamsifu kichwa, akasema ni mtindo mzuri wa kiangazi. Simiyu alimshukuru. Wazee waliporudi walikuwa wanatabasamu, na mzee mwenye ndevu ndiye wa kwanza kumshika mkono.

Kwenye karamu, watu walipomaliza kumsifu, ilikuwa zamu yake kuongea. Alisema kwa Kiingereza kwamba kitabu kile amempa baba yake, kwamba baba yake amezikwa, kwamba yeye amejua juzi, na kwamba kichwa chake si mtindo. Kisha akakaa. Pakawa kimya kirefu. Kwa kile nilichojifunza, nilijua sasa kwamba walikuwa wanampa nafasi. Yule aliyemsifu kichwa alisimama, kisha mwingine, mpaka wote wakawa wamesimama, mikono chini. Hakuna matanga niliyowahi kuona yaliyotulia hivyo.

Moto

Siku ya mwisho wa mwezi wa nne mji ule unarukwa na akili. Wanafunzi huteremka mtoni juu ya vyelezo vya kujitengenezea, wanaanguka kwenye maji ya barafu, wanashangiliwa. Wazee kwa vijana wanavaa kofia nyeupe. Jioni, jua likiwa bado juu, huwasha moto mkubwa kule vilimani kuukaribisha msimu wa joto. Sikutaka kwenda. Simiyu ndiye aliyesema twende.

Kwaya iliimba kwa lugha yao. Moto ulipanda ukawa mkubwa kuliko nyumba. Kwetu, mtu akifa, moto hukokwa uani na watu hukaa kuuzunguka. Simiyu hakuuota ule wa baba. Alisogea mbele mpaka joto likamzuia, akasimama hapo. Nilisimama nyuma yake. Watu waliotuona walidhani tumekuja sherehe kama wao.

Tuliporudi alinunua kadi ya simu, akapiga nyumbani. Alipokea Baba Mkubwa. Nilimsikia akifoka hata nikiwa upande wa pili wa chumba: kwamba nimevunja neno la marehemu, kwamba mtoto angefeli. Simiyu alimsikiliza, akasema, "Nimefaulu, Baba Mkubwa. Nipe Mama."

Mama hakulia. Alimuuliza amekula nini. Kisha akamwambia jambo ambalo hata mimi sikulijua: "Kaburi halijajengwa. Walikuja na saruji, nikawafukuza. Nimewaambia haliwekwi saruji mpaka mwanawe aje aweke udongo wake."

Kurudi

Nilirudi Dubai kwanza. Wengi wenu mlimwona Simiyu alipopitia hapa baadaye, mchana ule mmoja: Bi Zuwena alimlisha biriani mpaka akaomba radhi, na Prossy akamcheka kwamba sasa tunafanana kama mapacha wa kipara. Jioni nilimpeleka uwanja wa ndege, na hamkuniuliza kitu.

Baba Mkubwa hakunipigia kwa muda mrefu, na sikumlaumu. Nilijua alimpenda mdogo wake, na alidhani analinda kitu.

Mama ndiye aliyenipa habari zilizobaki. Alisema Simiyu alifika mvua ikiwa imeisha, akapita moja kwa moja mpaka kaburini na begi mgongoni, kabla ya kusalimia mtu. Watu walimfuata kwa mbali. Udongo ulikuwa umeshika, hauchotwi kwa mkono. Akahangaika nao kwa vidole.

"Halafu?" nilimuuliza.

"Halafu Baba Mkubwa wenu akaingia nyumbani," Mama alisema, "akatoka na jembe. Akaulegeza ule udongo yeye mwenyewe, taratibu, akasogea pembeni."